Masale katika Njia ya Waya

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi pale mche wa kwanza wa isale ulipochomekwa katika shamba la migomba la mama mkwe wangu, Kimandolu. Naijua saa hiyo kwa sababu nilikuwa kazini juu ya kilima cha Suye, na kila ujumbe tulioupokea ilikuwa lazima uandikiwe saa yake. Nilikuwa nimemaliza kujibu salamu za kituo cha tambarare. Nilipoinua macho niliona chini ya kilima watu wanne wakitembea kwa mstari ulionyooka katikati ya migomba. Mmoja alishika kamba, wawili walibeba matita ya majani mabichi marefu, na wa nne alikuwa mnyapara wa kazi ya waya wa simu, niliyemtambua kwa tarbushi yake. Nilidhani wamebeba chakula cha punda, nikarudi kwenye kazi yangu.

Kazi hiyo ilikuwa kupeleka habari kwa mwanga wa jua. Kioo kilisimama juu ya miguu mitatu, kikielekezwa kwenye kituo cha mbali. Ukibonyeza kitufe, kioo kiliinama kidogo na mwanga ukamulika kule, mara mfupi, mara mrefu. Mifupi na mirefu ilipounganishwa ilifanya herufi, na herufi zilifanya maneno. Sikufundishwa darasani. Nilikuwa nabeba miguu ya kioo kwa ajili ya askari mwingine, nikajifunza kwa kutazama kidole chake, na alipohamishwa nikapewa nafasi yake kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Mlima Meru ukijifunika wingu, jambo ambalo hutokea siku nyingi kuliko watu wa pwani wanavyofikiri, kazi yangu ilisimama na tarishi alikimbia na barua mkononi.

Boma la Arusha wakati huo wa Wajerumani lilikuwa na njia kadhaa za kusema na vituo vyake, na hazikuelewana. Kioo kilikuwa na ishara zake za mkato tulizopatana wenyewe. Bendera zilikuwa na zake. Bendera nyekundu juu ya ukuta wetu ilimaanisha "ngoja", lakini kwenye kituo kidogo cha Ngaramtoni ilimaanisha "hapana". Mpiga tarumbeta alikuwa na milio aliyorithi kwa mpiga tarumbeta aliyemtangulia, na mmoja wa milio hiyo hakuna aliyejua maana yake, ila aliupiga kila Jumamosi.

Ndipo akaja Bwana Luteni wa waya. Alitoka pwani na wapagazi wengi, nusu yao wamebeba marobota ya waya wa simu na nusu wamebeba vikombe vya kaure vya kufungia waya huo kwenye nguzo. Yeye mwenyewe alibeba kitabu. Alitukusanya uani akatuambia, kwa Kiswahili kizuri cha vitabuni, kwamba tangu siku hiyo kioo, bendera, tarumbeta, tarishi na waya vitasema neno moja. Kila sentensi ambayo jeshi linaweza kuihitaji imeandikwa katika kitabu na kupewa namba. Mtu atapeleka namba tu. Hakuna tena mtu kujitungia maneno. Na ujumbe wowote unaohusu njia au vituo utapelekwa kwa njia zote kwa pamoja, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Mpiga tarumbeta aliinua mkono. "Bwana, mimi namba mia mbili na kumi na nne nitaipigaje?"

Luteni alifikiri. "Tutaangalia," alisema.

"Pumzi yangu nayo ataiangalia nani?" mpiga tarumbeta alininong'oneza.

Nilikikariri kitabu kile kwa muda mfupi, na kadiri nilivyokikariri ndivyo nilivyochanganyikiwa. Zilikuwamo sentensi tatu tofauti juu ya nyumbu aliyekufa. Haikuwamo hata moja ya kusema kwamba umepokea namba na hukuelewa.

Waya ulitakiwa kutoka bomani kuelekea mashariki, upite Kimandolu, ushike njia ya Moshi. Kabla ya nguzo kusimama, mstari ulipaswa kuwekewa alama. Mnyapara alichomeka vijiti vya mbao, na kila alipolala akaamka akakuta vimekwisha. Vilikuwa vikavu, vimechongwa vizuri, na kila nyumba ilikuwa na jiko. Mnyapara alikuwa mtu wa Pangani, mchangamfu, mwenye maneno mengi. Aliapa kwamba watu wa bara wangepika hata nguzo zenyewe kama zingeingia mafigani.

Baadaye akagundua jambo. Katika mashamba ya Wameru na Waarusha aliona mmea mmoja wenye majani marefu ya kijani, uliosimama kwa mistari, ambao hakuna mkono uliougusa. Wanawake wakikata kuni waliuzunguka. Ni mmea unaoshika ukichomeka kikonyo tu, na unaonekana kwa mbali. Alimpelekea Luteni habari hiyo kama mtu aliyeokota rupia. Luteni alifurahi, akampa ruhusa. Mmea huo ni isale.

Jioni ya siku ile niliyowaona wale wanne chini ya kilima, mke wangu, ambaye ni Mmeru, alinipokea mlangoni na maneno mafupi: "Mama anakuita. Nenda sasa."

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Mumewe alimwachia shamba lile kwa ajili ya watoto wake, nalo liligawanywa na mfereji wa maji: upande wa juu wenye mawe, upande wa chini wenye udongo mweusi na migomba minene. Kwa adabu ya kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo tulisimama yeye akiuangalia mgomba mmoja na mimi mwingine, na mke wangu katikati akitafsiri, maana Kiswahili cha mama yake kilikuwa cha sokoni tu.

"Muulize mumeo," alisema, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi kwa nini shamba langu linagawanywa? Isale hupandwa kuwa mpaka, wakati wa kugawa. Mimi nimerudi kutoka mferejini nimekuta mstari mzima, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, umetenga upande wa juu na wa chini, na uliopanda ni mkono wa boma. Yeye anakula chakula cha boma. Anieleze."

Nilieleza. Nilisema ni alama za waya. Nilisema waya ni kamba ya chuma inayopeleka habari mpaka Moshi. Mama mkwe aliusikiliza mgomba wake kwa heshima.

"Kamba ya chuma itapita juu," alisema. "Isale limepandwa chini. Vinahusiana nini?"

Nilisema basi ang'oe yale yaliyo shambani kwake, nami nitazungumza na mnyapara. Mke wangu alikataa hata kutafsiri. Kung'oa isale, aliniambia kwa sauti ya chini, ni kumtangazia jirani ugomvi usiokwisha. Hata mtoto asiye na akili hang'oi.

Jirani aliyehusika alikuwa shemeji ya mama mkwe, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mimi nilimwita baba mdogo. Shamba lake lilipakana na la mama mkwe upande wa mashariki. Kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba mwanamke mmoja hawezi kutunza pande mbili za mfereji, na kwamba angemsaidia kwa kuchukua upande wa chini. Asubuhi iliyofuata alikuwa katika upande huo wa chini na panga, anakata mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu wa kioo. Umekuja kunisaidia kubeba?"

"Hizi ni ndizi za mama."

"Zilikuwa. Serikali imepima, mwanangu. Mimi ni nani nibishane na serikali? Wewe ndiye unakula mshahara wao, ungewaambia wapime vibaya?" Akacheka, akaubeba mkungu begani, akaenda zake.

Nilimkuta mnyapara anakunywa uji nyuma ya ghala la boma. Nilimweleza habari ya isale kwa utaratibu, tangu mwanzo.

"Ndugu yangu," alisema, "ni alama tu. Nguzo zikisimama tunang'oa, tunatupa, tunasahau."

"Ng'oa sasa yale ya shamba lile."

"Niweke nini badala yake? Kijiti? Mama mkwe wako akipikie maharage?" Lakini alikuwa mtu mwema, na aliona sitanii. "Leta ruhusa ya Luteni. Nitang'oa leo leo."

Luteni alikuwa amekwenda kupima upande wa tambarare. Shaushi, askari mkubwa tuliyeachiwa, alisema nimuulize kwa kioo, kwa namba. Nilipanda Suye na kitabu mkononi nikatafuta. Haikuwamo namba ya mmea, wala shamba, wala mjane, wala shemeji. Iliyokaribia ilikuwa ile isemayo: "Alama za njia zina shaka, toeni amri." Nikaipeleka hiyo. Jua lilikuwa zuri. Jibu lilirudi kabla sijakaa, namba moja tu, nikalifungulia kitabu: "Alama za njia zisiguswe mpaka amri mpya."

Zamani ningelichukua jibu lile peke yangu, nikarudi nalo kwa mnyapara, tukatafuta namna. Lakini sasa ulikuwa ujumbe wa njia, na ujumbe wa njia ulipaswa kwenda kwa njia zote. Bendera zilipanda ukutani. Mpiga tarumbeta alipuliza hadi macho yakamtoka. Tarishi alitumwa Ngaramtoni, na mwingine Kimandolu, na yule wa Kimandolu alisimama mahali watu wanapouziana maziwa akasema kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimaa cha Waarusha, kwamba alama zilizopandwa na boma zisiguswe na mtu yeyote.

Baba mdogo alikuwapo. Mke wangu aliniambia kwamba alimtaka tarishi arudie tena, kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri.

Nilikwenda kwa mama mkwe nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilitaka kumweleza kwamba lile jibu halikuhusu shamba lake, ingawa lilihusu masale yaliyo shambani kwake, na kwamba Luteni hakujua alichojibu, kwa kuwa mimi sikuwa na njia ya kumuuliza nilichotaka kumuuliza. Nilipoyasikia maneno hayo kichwani mwangu sikuyaelewa mimi mwenyewe. Hakunipa nafasi.

"Mstari unaishia wapi?" aliuliza.

"Moshi, mama."

"Unapita kwa shemeji yangu?"

"Unapita katikati ya shamba lake. Kisha kwa jirani yake, kisha kwa mwingine."

Siku ya pili yake mama mkwe alitoka na panga na wanawake wawili wa ukoo wake. Waliruka mfereji wakaingia upande wa chini wa shamba la baba mdogo, wakaanza kukata.

Baba mdogo alikuja mbio. "Shemeji, umerukwa na akili? Hizi ni zangu!"

"Zilikuwa," alisema mama mkwe. "Serikali imepima. Wewe umechukua upande wangu wa chini kwa isale hili. Na mimi nimechukua upande wako wa chini kwa isale hili hili. Mwite tarishi aseme tena, sikio langu nalo ni bovu."

Watu waliokuwa wakipita walisimama kucheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu wote walikuwa wenye mashamba katika mstari ule. Jirani wa tatu alizuia ng'ombe wake wasivuke masale kwenda kunywa maji, asije akadaiwa ameingia kwa mtu. Jirani wa nne alidai kwamba kama ni hivyo basi upande wa juu wa jirani wa tatu ni wake. Nilijaribu kuchora shamba la kila mmoja kwenye karatasi ili nione nani anamiliki nini, nikaiacha karatasi hiyo. Nilikuwa nawaona wanawake wakipishana njiani, kila mmoja na mkungu kichwani, wakisalimiana vizuri kabisa, na kila mmoja ametoka kuvuna kwa mwenzake.

Wazee walikaa kando ya mfereji siku nzima. Nilikuwapo kama shahidi wa boma. Tatizo lao lilikuwa kwamba isale walilijua, lakini isale la namna hii hawakuwahi kuliona. Lilipandwa na mtu ambaye si jirani, hakuna kondoo aliyechinjwa, hakuna maziwa yaliyomwagwa, na aliyelipanda hakujua kwamba amepanda mpaka. Je, ni mpaka? Nusu yao walisema mpaka ni mpaka. Nusu walisema ni majani. Mzee mmoja aliniuliza kama Wazungu wana kitu kama isale kwao, nikasema sijui, akasema basi huenda nao hawajui.

Mwishowe walikubaliana juu ya jambo moja. Iwe ni mpaka au si mpaka, aliyepanda ndiye ang'oe, wenye mashamba wote wakiwa wamesimama hapo, na kondoo achinjwe ili ugomvi ufe. Mkono mwingine wowote ukiling'oa, ardhi itabaki na ugomvi.

Mvua zilianza. Luteni alirudi, akatazama migomba ilivyokuwa inayumba na upepo, akasema majani yake yatagusa waya na kuharibu habari. Akahamisha njia yote hadi kandokando ya barabara. Nguzo zikasimama huko, waya ukafungwa, na masale ya Kimandolu hayakutajwa tena. Nilimwomba shaushi amri ya kuyatoa. Aliniambia njia ile haipo tena, na njia isiyokuwapo haiwezi kuwa na alama, kwa hiyo hakuna cha kutolea amri. Nilimuuliza kama basi tunaweza kuyang'oa. Akasema amri ya kutoyagusa haijafutwa. Naye, nadhani, alikuwa amechoka kama mimi.

Mama mkwe alikuwa na haraka kuliko sisi. Msimu mwingine ukipita, alisema, watu watazoea, na mazoea yakikaa, watoto wake hawatayang'oa kamwe. Mnyapara alikuwa amekwenda na nguzo mbele sana, karibu na Moshi. Lakini waya ulikuwa umeanza kufanya kazi kutoka bomani hadi kambi yake, na raia aliruhusiwa kupeleka maneno yake kwa kulipa kila neno. Mimi nilikuwa nimehamishiwa kwenye meza ya simu. Ufupi na urefu ulikuwa ule ule, ila sasa ulisikika kwa sauti badala ya kuonekana kwa mwanga. Kwa ujumbe wa raia namba hazikuhitajika. Tulipeleka maneno ya kawaida: njoo Kimandolu ung'oe masale, posho tunalipa.

Mnyapara alikuja akiwa na matope mpaka magotini.

"Watu wa bara," alisema, "nimetembea siku mbili kuja kung'oa majani?"

"Uliyapanda wewe."

"Nimepanda michungwa Pangani, hakuna aliyeniita kwa simu."

Walikusanyika asubuhi, mama mkwe upande mmoja wa masale na baba mdogo upande wa pili, na majirani wengine wa mstari ule nyuma yao. Niliogopa baba mdogo asingekuja. Alikuja, kwa kuwa upande wake wa chini ulikuwa umebaki na migomba mitupu isiyo na mkungu. Lakini alikuja na sharti.

"Anayetaka kung'oa ndiye atoe kondoo," alisema.

"Na mikungu yangu uliyokula?" aliuliza mama mkwe.

"Na yangu?"

Wazee walianza kuhesabu mikungu ya kila mmoja. Mama mkwe aliwakatiza. Alisema kondoo atatoa yeye, pombe ya asali atatoa yeye, na aliyemwita mtu wa Pangani ni yeye, kwa hiyo posho ni juu yake. Alichotaka ni kusikia shemeji yake akisema, mbele ya watu wale, kwamba ardhi ya pande mbili za mfereji ni ya watoto wa kaka yake.

Baba mdogo alichimbua udongo kwa kidole cha mguu.

"Sema," alisema mzee mmoja. "Kondoo anangoja."

Akasema. Alisema haraka na kwa sauti ndogo, akaambiwa arudie, akarudia. Mnyapara alitamka Bismillahi, akalishika isale la kwanza kwa mikono miwili, akavuta. Mizizi ilikuwa imekwisha kushika na ilimchukua nguvu nyingi. Aliendelea mstari mzima bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa geni, na alipomaliza alinawa mikono mferejini mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe alirudi katika upande wake wa chini siku hiyo hiyo, na watoto wake wanaulima hadi leo.

Jioni aliniomba nimfanyie hesabu, ajue shamba limemgharimu nini. Mimi nilisema bei, yeye alikumbuka vitu. Kondoo, rupia tatu na nusu. Siku nne za mnyapara, rupia mbili. Maneno tisa ya simu pamoja na anwani, hela tisini, na hela mia ndiyo rupia moja. Asali ya pombe, rupia moja na robo. Mikungu thelathini na mmoja iliyochukuliwa na shemeji yake, kwa hela kumi na tano kila mmoja, rupia nne na hela sitini na tano. Nikataka kufunga hapo, lakini mwenyewe alinikumbusha kutoa mikungu ishirini na minne aliyokata yeye kule kwa mwenzake, rupia tatu na hela sitini. Alichopoteza kwa jumla kilikuwa rupia nane na hela sabini.